Fonti za mwandiko wa kifahari: nichague vipi, na kwa nini zinaharibika zikichapwa?

KadiNaVyeti aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kuhusu zile fonti za mwandiko wa mkono, zenye herufi zilizoshikana na mikia mirefu. Nina kazi tatu mezani: mwaliko wa ukubwa wa A5, cheti ambacho majina yatatoka kwenye jedwali, na nembo ya kukatwa kwenye vinili (plastiki ya kubandika). Nimeweka Great Vibes, Pinyon Script na nyingine moja ya kulipia.

Shida ni hizi. Kwenye sampuli ya muuzaji mikia inavutia kweli, lakini nikiandika kwenye Word haitokei. Kuna maneno ambayo herufi zake zinaachana katikati. Kwenye chapa ya majaribio mistari myembamba imepotea, na hali imezidi kuwa mbaya pale maandishi yalipokuwa meupe juu ya rangi ya giza. Na plota, yaani mashine ya kukata vinili, inakata herufi ndani ya herufi. Pia ningependa kujua: mwandiko wa namna hii mnautumia wapi, na wapi mnauacha?

nibu_na_wino alijibu:

Nianze na kuchagua, maana shida nyingine ulizotaja huanzia hapo.

"Mwandiko wa kifahari" ni jina linalobeba aina kadhaa zisizofanana. Ule rasmi umetokana na kalamu ya nibu yenye ncha kali iliyopasuka katikati. Ukishuka nayo kwa kukandamiza, ncha inatanuka na wino unatoka mnene. Ukipanda nayo bila kukandamiza, unabaki mstari mwembamba kama unywele. Ndiyo maana kila mstari unaoshuka ni mnene na kila unaopanda ni mwembamba, na fonti inayovunja kanuni hiyo jicho huikataa hata kama msomaji hajui sababu. Mwinamo wake ni mkubwa, yapata digrii 55 kutoka mstari wa msingi. Pinyon Script, Snell Roundhand, Bickham Script na Edwardian Script zote ni za ukoo huu. Great Vibes ni jirani yao, ila herufi zake kubwa zina vitanzi vingi zaidi na imelegea kidogo.

Kisha kuna za brashi na za mwandiko wa kawaida. Mistral ya Roger Excoffon, ya mwaka 1953, haijifanyi rasmi hata kidogo: inasomeka kama barua iliyoandikwa kwa haraka na mtu mwenye mkono mzuri. Na kuna za mstari wenye unene karibu ule ule mwanzo hadi mwisho, mfano Sacramento. Hizi hazina fahari ya zile za nibu, lakini huvumilia ukubwa mdogo na mashine za kukata. Zapfino ya Hermann Zapf, iliyotoka 1998, ni mnyama wa peke yake. Mikia yake hupanda na kushuka mbali sana, kwa hiyo usiiguse kama huna nafasi tupu ya kutosha juu na chini ya neno.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosa: sampuli ya muuzaji imeandikwa kwa maneno yanayoipendeza fonti. Mara nyingi ni Kiingereza, na maumbo maalumu ambayo mbunifu ameyahangaikia ni ya jozi kama th, tt, ff, ll na of. Kwetu inayobaki na kazi ni th tu. Zaidi ya hapo, maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu. Ule mkia mzuri wa d, t au y mwishoni mwa neno hutauona, isipokuwa labda kwenye majina ya watu. Unachohitaji ni a, e, i, o na u zenye umbo la kumalizia. Fungua orodha ya maumbo yote ya fonti uangalie a ina mbadala ngapi. Kama haina hata moja, maneno yako yatakatika ghafla mwishoni, hata herufi kubwa ziwe nzuri namna gani.

Angalia pia maungio ya juu. Herufi nyingi humalizia chini, kwenye mstari wa msingi, na herufi inayofuata huanzia hapo hapo. Lakini b, o, v na w humalizia juu, na Kiswahili kimejaa hizo. Andika "bwana", "vyovyote", "wowote", "kubwa", "mwaliko", kisha kuza hadi 400% na utazame w inapokutana na a. Kwenye fonti iliyotengenezwa kwa makini, ama w inateremsha mkono wake, ama a inabadilika ili kuupokea. Kwenye fonti ya haraka haraka utaona kinundu, au pengo jembamba ambalo kwenye skrini halionekani ila kwenye karatasi linajitangaza.

Halafu jaribu "kung'aa". Fonti nyingi huamua kuwa neno limeisha kwa kuangalia kama alama inayofuata ni herufi. Ritifaa si herufi, basi g inapewa mkia wa mwisho wa neno na a inaanza kama neno jipya. Ikitokea, teua hiyo g pekee uzime maumbo ya kimuktadha (yale yanayobadilika kufuata herufi jirani), kisha vuta ritifaa na a kwa mkono mpaka zikae. Hapo hapo "kung'aa" inakupa aa: fonti nzuri hutofautisha a mbili zikifuatana. Zikiwa pacha kabisa, siri ya kompyuta imefichuka.

mpangaji_kurasa alijibu:

Naongezea upande wa programu.

Mikia haitokei kwa sababu haijawashwa. Maumbo hayo yamo ndani ya faili ya fonti kama vipengele vya OpenType (muundo wa faili za fonti), na Word huviacha vimezimwa. Teua maandishi, bonyeza Ctrl+D, nenda kwenye Advanced. Weka tiki kwenye "Kerning for fonts", Ligatures iwe "Standard and Contextual", weka tiki "Use Contextual Alternates", kisha jaribu Stylistic Sets moja baada ya nyingine. Word inakubali seti moja tu kwa maandishi uliyoteua, kwa hiyo ukitaka mkia kwenye herufi ya mwisho pekee, teua herufi hiyo moja uipe seti yake. Mikia iliyowekwa kwenye kipengele cha swsh (cha mikia ya mapambo) Word haina kitufe chake. Hapo hamia programu nyingine.

LibreOffice inaruhusu kuandika kipengele kwenye kisanduku cha jina la fonti, hivi: JinaLaFonti:ss01&swsh, ambapo ss01 ni Stylistic Set ya kwanza. Kwenye Inkscape kuna kichupo cha Features ndani ya dirisha la maandishi. Illustrator na InDesign zina paneli ya Glyphs inayokuonyesha mbadala za herufi uliyoiteua.

Baadhi ya wauzaji huweka mikia pia kwenye eneo la Unicode la matumizi binafsi (namba za herufi ambazo kila fonti hujipangia yenyewe), ili uweze kuinakili na kuibandika popote. Kwa picha moja ya kuchapwa ni sawa. Kwenye PDF ya kutafutwa maneno au kwenye tovuti, usifanye hivyo: kompyuta haitajua kuwa ile ni a, kisomaji cha skrini kitairuka, na anayenakili maandishi atapata visanduku vitupu.

Kuhusu herufi kuachana, mshukiwa wa kwanza ni nafasi kati ya herufi. Lazima iwe sifuri. Ukiongeza hata kidogo, kila ungio linakatika. Kwenye Illustrator na InDesign mshukiwa wa pili ni mpangilio wa nafasi uitwao "Optical": programu inapima nafasi kwa macho yake na kuvuruga hesabu ya mbunifu. Weka "Metrics" au "Auto". Wa tatu ni kulinganisha kingo zote mbili za aya pale mipangilio inaporuhusu nafasi za herufi kutanuka. Mwandiko upange katikati au kushoto, basi. Kwenye tovuti hali ni ile ile, letter-spacing isiyo sifuri huvunja maungio, na vivinjari huzima pia herufi zilizounganishwa.

Usibonyeze B. Fonti hizi kwa kawaida hazina unene wa pili, kwa hiyo programu inaunenepesha mstari kwa nguvu, vitanzi vya e na a vinaziba. Wala usibonyeze I, tayari zimeinama. Na herufi kubwa tupu, tafadhali, hapana. Kila herufi kubwa imechorwa isimame peke yake mbele ya ndogo. Ukipanga saba mfululizo vitanzi vinakanyagana na hakuna anayesoma kitu.

Mkia ukikatwa kwa juu kwenye Word, angalia nafasi ya mistari: ikiwa "Exactly", badili iwe "At least" au "Multiple". Ukikatwa ubavuni, ongeza pambizo la ndani la kisanduku cha maandishi.

wino_mweusi alijibu:

Kwenye kupotea kwa mistari myembamba msibahatishe, ni hesabu.

Andika l au n kwa ukubwa wa pointi 1000, igeuze kuwa mchoro wa vekta, kisha pima unene wa mstari wake mwembamba kuliko yote kwa pointi. Tuseme umepata 12. Maana yake kwa ukubwa wowote mstari huo ni sehemu 12 kati ya 1000. Kwa pointi 24 unakuwa 0.288, kwa pointi 14 unakuwa 0.168. Kima cha chini kinachotumika sana kwa wino juu ya karatasi ni pointi 0.25, na kwa maandishi meupe ndani ya rangi ni pointi 0.5, kwa sababu wino wa pembeni unatambaa na kuula mweupe kutoka pande mbili. Kwa hiyo fonti hiyo ianzie pointi 21 ikiwa nyeusi, na pointi 42 ikiwa nyeupe ndani ya giza. Huwezi kuikuza? Badilisha fonti, chukua yenye mstari wa 20 au zaidi.

Giza lenyewe likiwa mchanganyiko wa wino nne, hatari inaongezeka. Sahani moja ya kuchapia ikisogea kidogo tu, mstari mweupe unajazwa na rangi ya jirani. Fanya giza la wino mmoja au mbili pale nyuma ya maandishi. Na maandishi meusi yawe nyeusi 100% peke yake, si nyeusi ya rangi nne.

Dhahabu ndiyo inayowaumiza wengi. Dhahabu ya rangi nne hutengenezwa kwa vitone vya manjano, magenta na nyeusi. Mstari wa pointi 0.3 hauna upana wa kubeba vitone hivyo, unageuka nukta nukta. Kijivu cha 40% kina ugonjwa huo huo. Tumia wino maalumu wa metali, au foili ya kubandika kwa joto. Kwa foili weka mistari isiyopungua pointi 0.5, na hakikisha matundu ya e hayajabana, maana foili huziba matundu madogo.

Printa ya ofisini ya leza yenye dpi 600 itakuonyesha mstari wa 0.2 bila shida kwenye karatasi laini, halafu karatasi yenye mikunjo au ya pamba ikaumeza. Jaribu kwenye karatasi ile ile ya kazi.

KadiNaVyeti aliandika:

Asanteni sana. Nimepima ile ya kulipia, mstari wake ni 9, kumbe ndiyo chanzo. Vipi kuhusu majina ya kwenye cheti? Jedwali lote limejazwa kwa herufi kubwa.

mpangaji_kurasa alijibu:

9 inakupa pointi 28 kwa nyeusi na 56 kwa nyeupe. Kwa jina la kwenye cheti inatosha, kwa mstari wa chini ya mwaliko haifai.

Majina ya herufi kubwa yabadilishe kwenye jedwali kabla ya kuyaunganisha na kiolezo cha cheti. Fomula ya PROPER, inayofanya herufi ya kwanza ya kila neno kuwa kubwa, inafanya kazi, lakini ina kasoro moja inayotugusa sisi: kila kinachofuata alama isiyo herufi inakifanya kikubwa. NG'ANG'A anatoka Ng'Ang'A. Kwenye fonti ya kawaida ni kosa dogo. Kwenye mwandiko wenye mapambo unapata herufi kubwa tatu zinapigana ndani ya jina moja. Ficha ritifaa kwanza, kisha uirudishe:

=SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(A2,"'","zqz")),"zqz","'")

Kompyuta nyingine zinataka nukta mkato badala ya mkato, inategemea mipangilio. Kabla ya hapo badili ritifaa zote za kujipinda ziwe za aina moja, la sivyo fomula haitaziona. Jina kama D'Souza litatoka D'souza, na "bin" au "wa" katikati ya jina zitapata herufi kubwa. Hayo rekebisha kwa mkono.

Ukubwa upange kwa jina refu kuliko yote, si kwa jina la kwanza kwenye orodha. Lipate kwa fomula ya LEN inayohesabu herufi, liweke kwenye kiolezo, punguza pointi mpaka liingie, basi ukubwa huo ndio wa vyeti vyote. Ukishuka chini ya kima cha mstari mwembamba, gawa mistari miwili au tumia fonti nyingine. Usilibane jina kwa upana hadi 80%. Mistari minene itakonda kuliko inayolala, mwinamo utasimama, na cheti hicho kikiwekwa kando ya kingine tofauti inaonekana mara moja.

Pia ondoa ule mstari wa nukta wa kuandikia jina. Mikia ya y, g na j itaupasua. Kama mteja anaung'ang'ania, ushushe mpaka chini ya mkia mrefu kuliko yote.

Vyeo kama Dkt. na vifupisho kama A. J. viandike kwa fonti ya kawaida, vidogo, juu ya jina. Herufi kubwa moja yenye nukta mbele yake huacha shimo katikati ya mwandiko.

fundi_vinili alijibu:

Plota inakata herufi ndani ya herufi kwa sababu kila herufi ni umbo lake, na maungio yamepangwa yakalaliane. Kisu kinafuata kila mpaka. Kwenye Inkscape: teua maandishi, Shift+Ctrl+C kuyafanya njia, Ctrl+Shift+G kutenganisha kundi, teua yote, kisha Union (Ctrl na alama ya kujumlisha). Kwenye Illustrator: Create Outlines, kisha Unite kwenye Pathfinder. Baadaye geukia mwonekano wa mistari tupu uangalie: neno zima liwe na mpaka mmoja wa nje pamoja na matundu yake tu, isipokuwa nukta za i na j. Hifadhi nakala yenye maandishi hai, kwa sababu ukishaunganisha huwezi kusahihisha tahajia.

Kasoro hiyo hiyo ndiyo inaonekana ukiweka kivuli cha uwazi au mstari wa nje kuzunguka mwandiko, madoa yanatokea kwenye kila ungio. Dawa ni moja.

Vinili chini ya milimita 1 hung'oka wakati wa kuondoa mabaki. Fonti yenye 9 kwa 1000 ingehitaji pointi 315 hivi kufika hapo. Ama neno liwe kubwa la dirishani, ama unenepeshe mstari wote kidogo kwa Offset Path kabla ya kukata, ama uchukue Sacramento au brashi. Mimi ningechagua la mwisho. Kunenepesha huua ule utofauti wa mnene na mwembamba ambao ndio sababu ya kuipenda fonti yenyewe. Nembo hiyo ikija kudariziwa baadaye utashukuru, kwa sababu mshono wa satini nao unataka upana wa karibu milimita 1.

nibu_na_wino alijibu:

Swali la wapi itumike limebaki. Majina, kichwa cha mwaliko, neno moja la nembo, lebo, sahihi. Mwisho maneno manne au matano kwa mstari. Tarehe, saa, mahali, namba ya simu na barua pepe ziende kwenye fonti tulivu, maana tarakimu za mwandiko huchanganya 1 na 7, na anwani ikisomwa vibaya mgeni amepotea. Kimo cha herufi ndogo za mwandiko ni kifupi sana, kwa hiyo jina la pointi 40 linakaa vizuri na maelezo ya pointi 10 au 11. Fonti mbili za mwandiko kwenye kadi moja hazikai.

Kupanga katikati usiiamini programu. Mara nyingine inahesabu mpaka ncha ya mkia, ndipo neno linaonekana limesogea kando. Pima kati ya tumbo la herufi ya kwanza na tumbo la mwisho, mkia uachwe uning'inie nje.

Na leseni: Great Vibes na Pinyon Script zina SIL Open Font License, unaweza kuzitumia kibiashara na kwenye nembo, usiuze tu faili ya fonti peke yake. Ile ya kulipia soma kama leseni uliyonunua ni ya kompyuta tu au inahusu tovuti pia. Mara nyingi ni mbili tofauti. Ukiipeleka kwenye tovuti kwa kuipunguza kwa pyftsubset (programu ya kupunguza faili za fonti), weka --layout-features='*' kwenye amri, la sivyo baadhi ya mikia na maumbo mbadala itaondolewa humo.

KadiNaVyeti aliandika:

Pinyon kwa cheti, Sacramento kwa nembo. "Kung'aa" kwenye Pinyon nitaijaribu kabla ya kutuma chochote kiwandani.